Mlango uliokwaruzwa na boneti iliyopauka: nisugue mwenyewe au nimpe fundi wa rangi?

Mkazi wa Umoja
Salamu kwenu nyote. Nina Toyota Fielder ambayo shemeji yangu ataichukua mwisho wa mwezi ujao, na ningependa nimkabidhi gari lenye sura ya heshima. Mwendeshaji wa bodaboda aliukwaruza mlango wa nyuma kwa usukani kwenye msongamano wa Jogoo Road, na boneti pamoja na paa vimepauka kwa jua. Ninafikiria kununua kompaundi (dawa ya kusugulia mikwaruzo) na waksi nisugue kwa mkono, au kuazima mashine ya kupolisha, au kumpa fundi wa jua kali apige rangi upya sehemu hizo. Ni njia ipi yenye faida?

Fundi Mstaafu
Ndugu, yale tunayoyahitaji ili tukushauri ndiyo uliyoyaacha. Gari ni la rangi gani, na msimbo wake ni upi? Utausoma kwenye kibati cha utambulisho, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kisha pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukiteleza, mkwaruzo umeishia kwenye klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, nao unaweza kuondolewa kwa kusugua, ukinasa, mara nyingi umefika kwenye rangi yenyewe au praima, tabaka la msingi lililo chini ya rangi, na hapo kompaundi haitafanya lolote isipokuwa kukupunguzia klia iliyobaki. Klia ya kiwandani huwa na unene wa takriban mikroni 40 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele, na ikishasuguliwa hairudi.

Mama Wawili, Kasarani
Mimi nasimama na mkono. Osha gari kwa shampuu ya magari, liache likauke, lisogeze kivulini, na usianze mpaka boneti iwe baridi ukiigusa. Tia kompaundi kidogo kwenye kitambaa cha mikrofaiba na usugue eneo lisilozidi viganja viwili kwa wakati mmoja, kisha ufute na utazame kwa tochi iliyoinamishwa, kwa maana mwanga wa juu huficha mistari. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni vigumu sana kuimaliza klia kwa nguvu za mkono.

Dereva wa Rongai
Kwa heshima zote, dada, boneti nzima kwa mkono ni adhabu, na kila sehemu itang'aa kwa kiwango chake. Aazime mashine, ila asichukue ile inayozunguka tu, kwa kuwa hiyo hupasha bati joto haraka na kuchoma klia kwenye ncha na kwenye mikunjo. Achague ile inayozunguka huku ikitikisika, abandike utepe wa karatasi kwenye kingo zote, na aanze na polishi laini kabla ya kufikiria kompaundi kali.

Mkazi wa Umoja
Asanteni. Msimbo ni 070. Ukucha unanasa katikati ya mkwaruzo, na ndani yake naona kijivu. Nyuma ya paa pana baka la ukubwa wa kiganja ambalo kingo zake ni nyeupe na zinabanduka nikizigusa.

Fundi Mstaafu
Hizo ndizo habari tulizozitaka. Baka linalobanduka ni klia iliyokwisha kufa, kwa hiyo hapo hakuna mkono wala mashine itakayosaidia. Paa linahitaji msasa na rangi. Nayo 070 ni nyeupe ya lulu yenye tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu ya katikati na klia juu. Idadi ya mipigo ya lulu ndiyo inayobadilisha rangi, na fundi asiyejaribu kwanza kwenye kipande cha bati hawezi kuilinganisha na mlango wa jirani.

Msomaji wa South B
Ninathibitisha hayo kwa uchungu. Gari letu lilikuwa la rangi hiyo hiyo, na fundi mmoja alituahidi kwamba mlango hautatofautiana na fenda. Alichanganya rangi kwa macho, hakufungua kitasa bali alikizungushia gazeti, na akapiga klia nje, alasiri ya mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Klia ilikauka na ukungu mweupe kwa sababu ya unyevu, na ndani yake ulibaki mguu wa mdudu ambao ungeweza kuuhesabia viungo vyake. Alisema rangi "itatulia". Mlango ulibaki wa manjano kando ya fenda nyeupe, na baada ya miezi michache rangi ikaanza kuinuka pale pale kwenye ukingo wa kitasa. Tulimlipa fundi mwingine akwangue yote na kuanza upya.

Kijana wa Donholm
Si anunue klia ya kopo yenye hadna, ile dawa ya kuigandisha, apulizie mwenyewe kwenye maegesho ya ploti?

Fundi Mstaafu
Hapana, kijana wangu, na hili nalisema kwa msisitizo. Hadna hiyo ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Maegesho ya ploti yana watoto.

Mama Wawili, Kasarani
Basi mlango atie rangi ya chupa ndogo kwa brashi nyembamba, tabaka baada ya tabaka, kisha boneti aisugue kama nilivyoeleza. Mkwaruzo utaonekana kwa karibu, lakini bati halitashika kutu.

Dereva wa Rongai
Nakubali kuhusu mlango, si kuhusu boneti. Na kazi yote itakuwa bure akiendelea kulipeleka kwenye kuosha magari ambako kitambaa kilichofuta magurudumu ndicho kinachopanda juu ya boneti. Mchanga ule ndio unaochora duara zote tunazoziona juani.

Msomaji wa South B
Na asiegeshe chini ya miti wanayokalia ndege korongo pale Nyayo Stadium. Kinyesi chao kikikaukia juani hula klia hadi lisibaki ila kovu.

Mkazi wa Umoja
Nimewaelewa. Paa nitamwachia fundi, ila je, nikipiga rangi paa pekee, halitaonekana tofauti na nguzo zake?

Fundi Mstaafu
Inategemea fundi ataikomesha wapi rangi mpya. Tuma picha ya pale paa linapokutana na nguzo ya nyuma, iliyopigwa asubuhi kivulini.