Naomba ushauri: kitako cha kikombe kinanishinda kuchora

Habari zenu wakuu. Nina miezi miwili najifunza kuchora vitu vilivyo mbele ya macho yangu, kwa penseli ya HB na daftari la shule. Kila asubuhi najaza ukurasa mmoja wa mistari iliyonyooka, mkono ukianzia begani, kisha duara zilizobanwa. Halafu nachora kikombe cha bati kwa mstari mmoja, bila kuinua penseli wala kutazama karatasi, jicho likitambaa polepole ukingoni. Zoezi hili nalipenda mno. Mstari unapinda lakini una uhai.

Shida inaanza nikitazama karatasi. Kitako nakichora kimenyooka kama rula, ilhali nikikiangalia kutoka juu kinajipinda kuliko hata mdomo. Nimejaribu kupima kwa penseli, mkono umenyooka na jicho moja nimefumba, lakini katikati ya mchoro vipimo vinahama.

Mliopitia hapa, niendelee kuchora bila kutazama karatasi, au nianze na nafasi tupu, kama ile iliyo kati ya kishikio na kikombe? Na vivuli niviguse lini?