Mrejesho: nilianza uhandisi chuo kidogo, sasa nimehamia chuo kikubwa

Wakuu, salaam. Mwaka jana niliuliza kama nianze uhandisi umeme chuo kidogo mkoani kisha nihame, au nikae nyumbani nisubiri dirisha lijalo la udahili. Wengi mlisema nianze. Nikaanza, na mwaka huu uhamisho umekubaliwa.

Kilichoniokoa ni ushauri wa mkuu mmoja aliyesema nitafute mtaala wa kila somo, wenye muhuri wa idara, kabla sijaomba chochote. Chuo kipya walikaa na ile mitaala wakalinganisha mada na saa za maabara, somo kwa somo. Hisabati na saketi za umeme zilipita. Michoro ya uhandisi ilikataliwa, maana kule tulichora kwa mkono tu, huku wanataka na ya kompyuta. Kwa hiyo naisoma upya na mwaka wa kwanza (wananiita babu).

Mkopo wa masomo nao ulichelewa kunifuata chuo kipya. Hilo kosa langu, mliniambia nitoe taarifa ya kuhama mapema nikapuuza. Miezi miwili nimeishi kwa hisani ya shangazi.

Asanteni sana. Anayetaka kujua nilivyoandika barua ya kuomba kuhama, aulize hapa hapa.