Naomba ushauri: je, kanuni za mchezo huhaririwa kama hadithi?

Ndugu wanachama, habari zenu. Mimi ni mwandishi wa hadithi fupi, na nimezoea kuiweka rasimu kando kwa wiki mbili kabla ya kuirudia na kufyeka yasiyohitajika. Sasa ninabuni mchezo wa karata wa watu wanne, na mbinu hiyo imegoma. Sentensi mbovu naibaini mwenyewe ninapoisoma kwa sauti, lakini kanuni mbovu hujificha mpaka watu waketi na kucheza. Tena nilipopunguza karata za kuanzia kutoka 7 hadi 5 ili mchezo usichoshe, mizani yote ya pointi iliyumba, tofauti na hadithi, ambamo mara nyingi aya moja hufutwa bila nyingine kutikisika.

Nimeandika kanuni upya mara 4 na kucheza peke yangu nikishika karata za wote wanne (zoezi la kuchekesha, nakiri). Hata hivyo, marafiki walipojaribu walikwama katika raundi ya pili, nami nikajikuta nikiwaeleza kila kitu, ilhali msomaji wa hadithi hana mwandishi wa kumnong'oneza.

Naomba kuuliza: je, niwape wachezaji rasimu ingali chafu, au niisafishe kwanza? Na wanapokwama, ninyamaze hadi mwisho au niingilie kati?