Mafundi aluminiamu wa Dar, nani kawaambia kila dirisha ni slaidi?

Wakuu, hii tabia imezidi. Nyumba nzima, kuanzia sebuleni mpaka chooni, fundi anapachika slaidi, yaani dirisha la vioo vinavyoteleza kwenye reli. Ukihoji unaambiwa "ndiyo ya kisasa". Kisasa cha Januari, joto la Dar hili?

Pigeni hesabu. Dirisha la futi 5 kwa 4 ni futi za mraba 20. Slaidi ya vioo viwili hufunguka upande mmoja tu, kwa hiyo hewa inapita kwenye futi zisizofika 10, na wavu wa mbu bado unaipunguza. Dirisha la bawaba, lile linalofunguka kama mlango, hufunguka karibu lote, na likifungwa hubana mpira pande zote. Shida yake ni grili: ikikaa nje, dirisha litafungukia wapi? Grili iingie ndani, na mchomeleaji aambiwe kabla hajakata nondo.

Luva mnazozicheka, yale madirisha ya vipande vya vioo vilivyopangwa kama ngazi, ndizo za choo na jiko. Vioo vikiinama, hewa inapita hata mvua ikinyesha. Ila bila grili mwizi anavichomoa kimoja kimoja, na chumba cha AC usiweke, haizibi.

Na hiyo slaidi yenyewe hamjui kuipachika! Reli ya chini inatakiwa iwe na vitundu upande wa nje vya kutolea maji. Nyie hamtoboi, au mnatoboa halafu mnaviziba na silikoni. Masika ikifika reli inajaa, maji yanamwagikia ndani, plasta ya chini ya dirisha inavimba na rangi inabanduka, kisha mnamsingizia mpaka rangi. Kizingiti nacho mnakiacha bapa wakati kinatakiwa kiinamie nje. Huko Kigamboni na Mbezi Beach mnakaza aluminiamu kwa skrubu za chuma cha kawaida. Chumvi ya bahari ikiingia hapo, skrubu inaoza na aluminiamu inayoizunguka inaliwa.

Vipimo ndiyo aibu kabisa. Upana unapimwa juu, katikati na chini, unachukua ule mdogo, unaacha milimita 5 hivi kila upande za silikoni. Nyie mnapima mara moja, pengo la vidole viwili mnalijaza saruji.

Wenye saiti, kabla ya kumalizia malipo, mwageni lita moja ya maji kwenye reli ya chini. Yasipotokea nje, hela isitoke.