Nimekataa kushuka kwenye chemba, nimekosea?

fundi_shangani: Wakuu, nazibua chemba za majitaka hapa Mtwara, mwaka wa tatu sasa. Jana msimamizi kasema nishuke, kina mita tatu, "mbona hakuna harufu." Nikagoma.

mzee_wa_mikindani: Hukukosea, mwanangu. Hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu ya majitaka, hunuka yai viza, lakini ikizidi huua pua kwanza, harufu ikapotea. Nzito kuliko hewa, hutuama chini. Oksijeni nayo ikiwa chini ya asilimia 19.5, usishuke. Pua si kipimo!

dada_ligula: Na wa juu je? Wengi hufa wakimfuata mwenzao aliyeanguka. Avutwe kwa kamba.

fundi_shangani: Shikamoo mzee. Kamba yetu ya katani imeliwa na jua. Kipima gesi hatuna. Jumatatu naomba mafunzo kwa barua.