Mada: Ukuta wa bodi – kutundika rafu ya vitabu na kuziba tundu

SWALI

Wapendwa, habari za saa hizi. Naomba msaada wa mafundi tulio nao humu. Ukuta wa sebule ukiugonga unalia kama debe tupu. Inatakiwa kukaa rafu ya vitabu, urefu mita 1.2, kina sentimita 30. Skrubu na roplagi ya plastiki zimechomoka zote mbili, limebaki tundu la ukubwa wa yai. Nyumba ni ya kupanga. Nianzie wapi?

JIBU – seremala

Dada, pole na tundu, linazibika. Huo ni ukuta wa bodi za jipsamu: unga wa jasi uliobanwa kati ya karatasi mbili. Unene wake mara nyingi ni milimita 12.5, na Marekani ni nusu inchi. Bodi zimefungwa kwa skrubu kwenye mbao zilizosimama wima, tuziite nguzo. Ukuta wa tofali hubeba popote unapotoboa. Ukuta wa bodi hubeba penye nguzo tu, kwingine kote unatundika mzigo kwenye jasi laini yenye karatasi. Roplagi ya kawaida hushika kwa kutanuka na kukaba tundu gumu. Ndani ya bodi inakuta unga laini, na nyuma yake hewa tupu, kwa hiyo inasaga unga na kutoka nao.

Kazi ya kwanza basi ni kutafuta nguzo. Katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine huwa milimita 400 au 600, na Marekani inchi 16 au 24. Usinunue kifaa cha umeme kabla hujajaribu sumaku ndogo yenye nguvu. Itelezeshe polepole ukutani kwa mlalo, ikinasa hapo kuna kichwa cha skrubu ya bodi. Weka alama ya penseli, kisha panda na shuka kwa wima. Ukipata vichwa vitatu kwenye mstari mmoja, umeipata nguzo. Pima 400 au 600 kutoka hapo na hakikisha nguzo ya pili iko mahali pake, maana karibu na milango na madirisha mpangilio hubadilika.

Sasa thibitisha kwa biti (ncha ya drili inayotoboa) ya milimita 2, mahali ambapo rafu itafunika. Angalia kinachotoka. Unga mweupe kisha biti inadumbukia: pako tupu. Unga mweupe kisha vumbi la mbao: ndiyo nguzo. Vichembe vinavyong'aa: nguzo ni ya chuma, na hiyo ina utaratibu wake. Toboa vitundu kila baada ya milimita 5 hadi ujue nguzo inaanzia wapi na kuishia wapi. Upana wake ni kama milimita 38 hadi 50, nawe unataka katikati. Skrubu iliyoshika ukingo hupasua mbao na kutoka siku ya mzigo.

Skrubu za mbao zenye unene wa milimita 5 na urefu wa 60 zinatosha: ukitoa bodi na bati la breketi (chuma cha pembe kinachobeba rafu), zinabaki kama milimita 44 ndani ya mbao. Tangulia na tundu la milimita 3. Kaza mpaka breketi itulie na uishie hapo, ukizidisha utaiponda bodi na breketi italegea baada ya wiki.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi ni hii. Mita 1.2 ya vitabu hufika kilo 30 kwa urahisi. Uzito huo unakaa katikati ya kina cha rafu, yaani sentimita 15 kutoka ukutani, kwa hiyo unashuka chini na papo hapo unang'oa skrubu za juu. Zidisha 30 kwa 15, gawanya kwa urefu wa mguu wa breketi unaolala ukutani. Mguu wa sentimita 20: skrubu za juu zote kwa pamoja zinavutwa kwa kilo 22.5. Mguu wa sentimita 10: kilo 45, kwa vitabu vilevile. Chagua breketi ambayo mguu wake wa ukutani unafika angalau theluthi mbili za kina cha rafu. Na kama miguu ya breketi hailingani, mrefu ndio unaokaa ukutani. Watu huugeuza kwa sababu mrefu chini ya rafu unapendeza, halafu rafu inainama mbele.

Nguzo zisipoangukia unapotaka breketi, usilazimishe. Funga kwanza ubao wa mlalo, unene milimita 18 na upana wa kutosha mguu wa breketi, kwenye nguzo mbili au tatu, skrubu mbili kila nguzo. Hapo chukua skrubu za 70 kwa sababu ubao wenyewe unakula 18. Breketi utazifunga kwenye ubao huo popote unapopenda. Upake rangi ya ukuta, hautaonekana sana.

JIBU – fundi umeme

Nakubaliana na seremala, ila kabla drili haijagusa ukuta tuongee kuhusu nyaya. Waya zilizofichwa kwa kawaida hupanda, hushuka au huenda pembeni kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye swichi au soketi. Usitoboe juu, chini wala ubavuni mwa kifaa cha umeme kwenye mstari huo, hata kama nguzo nzuri iko hapohapo. Uingereza nyaya zinaruhusiwa pia kupita ndani ya milimita 150 kutoka dari, na upana huohuo kwenye kona ambapo kuta mbili zinakutana. Kumbuka kuwa soketi inaweza kuwa upande wa pili wa ukuta, chumba cha jirani. Nenda ukaangalie.

Seremala amesema milimita 44 ndani ya mbao. Nyaya nyingine zimepitishwa katikati ya nguzo kwa kuitoboa. Kanuni za Marekani zinataka tundu hilo liwe angalau inchi 1¼ (milimita 32) kutoka ukingo wa mbao, na likikaribia zaidi ya hapo liwekewe bati la chuma mbele. Maana yake ni mbili. Skrubu ndefu inaweza kuifikia waya ambayo imefungwa kihalali kabisa. Na ukitarajia mbao kisha biti ikakwama kwenye chuma kigumu, usibadilishe biti wala usisukume: acha, hilo ni bati la kinga na nyuma yake kuna waya au bomba. Hamia sentimita 10 juu au chini.

Zima breka ya chumba hicho na uthibitishe kwa taa uliyochomeka kwenye soketi, usiamini maandishi ya kwenye kabati la breka. Unapotoboa bodi tupu, funga tepu kwenye biti milimita 15 kutoka ncha, tepu ikigusa ukuta unatoa mkono. Ukuta uliopakana na bafu, choo au sinki la jikoni una mabomba; huko tumia kipimo cha kutambua chuma na umeme, na hata kikisema shwari, toboa taratibu. Mabomba ya plastiki hayaonekani kwa vipimo vingi.

SWALI

Asanteni sana. Na kama vichembe vinang'aa? Na pale ambapo hakuna nguzo kabisa?

JIBU – seremala

Nguzo za chuma katika nyumba za kuishi ni bati jembamba, mara nyingi karibu nusu milimita. Skrubu ya mbao inazunguka bure ndani yake. Kwa picha na vitu vyepesi, tumia skrubu zenye meno ya karibukaribu zinazojitobolea bati. Kwa rafu, toboa bodi pamoja na uso wa bati na upitishe nanga ya mabawa, ile ambayo kipande chake hupita tundu kikiwa kimelala kisha kinajigeuza nyuma ya ukuta. Hapo bawa linakamata chuma, siyo unga. Tundu lake ni kubwa, karibu milimita 13, kwa hiyo pima mara mbili.

Pasipo nguzo:

Nanga za kujizungusha zenye uzi mpana, za plastiki au zinki, ni za picha na vioo vidogo. Nisingezipa zaidi ya kilo 5. Usizikaze kwa drili yenye kasi, zinakata karatasi ya mbele, na karatasi ndiyo nguvu ya bodi.

Nanga za chuma zinazojikunja nyuma kama mwavuli ni imara zaidi, lakini lazima zilingane na unene wa ukuta. Ukuta wenye bodi mbili juu ya nyingine una milimita 25, na nanga ya milimita 12 itajikunjia ndani ya jipsamu na kuivunja.

Nanga ya mabawa ndiyo bora kuliko zote kwa bodi. Ukiilegeza kabisa bawa linadondoka ndani, basi usifungue skrubu hovyo.

Namba ya kilo iliyoandikwa kwenye pakiti mara nyingi ndiyo kiwango ambacho nanga ilivunjikia kwenye majaribio. Beba robo yake. Tena isome vizuri: mzigo unaoning'inia sambamba na ukuta si sawa na mzigo unaovuta kutoka ukutani. Televisheni ya kilo 20 kwenye mkono unaotoka nusu mita, bati la ukutani likiwa na urefu wa sentimita 20, inavuta skrubu za juu kwa kilo 50, na kila ukiigeuza inazitikisa. Hiyo ni nguzo tu, wala tusijadiliane.

Kuna aina nyingine ya ukuta, hasa Uingereza: bodi zimegandishwa kwa mabonge ya gundi juu ya tofali. Unagonga, hapa unalia, hapa umekufa sauti, bila mpangilio wa nguzo. Biti inapita bodi, inavuka uwazi wa sentimita moja au mbili, kisha inagonga kigumu. Hapo mzigo upeleke kwenye tofali lenyewe, angalau milimita 50 ndani yake, kwa nanga ndefu yenye mrija mgumu unaovuka uwazi. Bila mrija, kila unapokaza unaivuta bodi ndani hadi inapasuka.

JIBU – fundi bodi na rangi

Nichukue tundu la yai. Kuna wavu wa kubandika unaouzwa kwa ajili hiyo, nao unafaa pahali ambapo hapataguswa. Mimi ningekata mraba na kuweka kiraka cha bodi, kwa sababu kingo za tundu lililolipuka zimeshalegea.

Mulika tochi ndani kwanza. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10, chana karatasi kwa kisu kikali, kisha kata kwa msumeno mdogo ukiulaza ili usizame. Chukua kipande cha mbao cha sentimita 20, unene milimita 20 hivi, kipigilie skrubu moja katikati nusunusu iwe mpini wako. Kiingize kwa mshazari, kivute kibane mgongo wa bodi, na ukifunge kwa skrubu za milimita 32, mbili kila upande, sentimita 3 kutoka ukingo. Toa skrubu ya mpini. Kata kiraka cha bodi yenye unene uleule, kipungue milimita 2 kila upande, na ukifunge kwenye mbao. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu chini ya uso bila kuchana karatasi. Kikichana, weka skrubu nyingine pembeni, ile haishiki tena.

Puti, ule uji wa kuziba viungio, ziko mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta nyufa. Ya ndoo hukauka kwa maji kuruka: inasinyaa, inataka karibu saa 24 kila mkono (yaani kila tabaka), na ni laini kusugua. Ya unga hushika yenyewe kwa kemikali, ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye mfuko, na ni ngumu zaidi. Ukitumia tepu ya wavu, mkono wa kwanza uwe wa unga. Wavu na puti ya ndoo hupasuka kwenye kiungio. Ukitumia tepu ya karatasi, yoyote inafaa, ila tandaza puti ya kutosha chini yake kwanza, pakavu patafanya malengelenge. Puti ya unga mimina unga kwenye maji, si maji kwenye unga, na osha chombo kila mara: vipande vikavu vya zamani huifanya igande kabla hujamaliza.

Mikono mitatu, myembamba. Wa kwanza sentimita 10 kwa upana kila kiungio, wa pili 20, wa tatu 30. Upana ndio unaoficha kiraka, unene haufichi kitu. Puti ya ndoo ikiwa bado na madoa ya kijivu haijakauka, usiifunike. Piga msasa namba 150, malizia 220, na uache unapoona karatasi inaanza kuota manyoya. Vaa barakoa, vumbi lile ni baya kwa mapafu. Sponji yenye unyevu inalainisha bila vumbi kama kuna watoto ndani.

Halafu praima, ile rangi ya msingi. Wengi huiruka. Puti hunywa rangi kuliko ukuta ulio kando yake, hivyo bila praima kiraka kitaonekana kama doa lililofifia, hata ukipaka mikono minne.

JIBU – fundi umeme

Tahadhari moja kabla hamjashika msasa. Nyumba za zamani zinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kwenye dari na kuta zenye mapambo ya mikwaruzo, na kwenye puti za enzi hizo. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, Australia mwishoni mwa 2003, Umoja wa Ulaya 2005. Marekani, rangi za majumbani kabla ya 1978 zinaweza kuwa na madini ya risasi. Nyumba ikiwa ya umri huo, usisugue wala kutoboa kabla sampuli haijapimwa maabara.

JIBU – fundi bodi na rangi

Sahihi kabisa. Na kwa kuwa ni nyumba ya kupanga, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, taja idadi ya matundu. Muulize pia jina na namba ya rangi ya ukuta huo, na aina ya mng'ao. Rangi ileile ikiwa mpya haitafanana na iliyokaa miaka mitano, kwa hiyo paka ukuta mzima, kona hadi kona, roli ileile. Inayobaki itie kwenye chupa ndogo ya glasi, jaza hadi juu isiwe na hewa, na uandike namba, chumba na tarehe kwenye kifuniko.