Yatima wa jirani anataka kuacha skuli, nimsaidieje?

mpemba_wa_micheweni:
Asalaam aleikum wenzangu. Huku kwetu kuna mtoto wa jirani hana baba hana mama, anakaa na bibi yake, yuko kidato cha pili. Elimu bure huku Zanzibar tokea 1964 sawa, lakini mabuku, unifomu na nauli nani atoe? Juzi nimemkuta anashona kiatu kwa uzi wa mshipi, akanambia ami bora mie niende kwenye mwani na bibi. Naanzia wapi?

karafuu_mbichi:
Waaleikum salaam. Enda kwa sheha, kiongozi wenu wa mtaa, umuulize huyo bibi yumo kwenye kaya za TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, au hayumo, maana zile pesa zinaangalia na mahudhurio ya skuli.

binti_wete:
Pesa peke yake haitoshi jamani. Mie kanilea khalati, msimu wa karafuu tunachambua mpaka usiku mkubwa, asubuhi nasinzia juu ya dawati mwalimu ananichapa, hata haulizi kwa nini. Kaa na bibi kwanza mtoto apate wakati wa kusoma. Halafu vitu nunua mwenyewe, mimi alokuwa akinipokelea mchango mpaka leo sijauona 😂

mzee_wa_baraza:
Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wanashughulika na zaka, jaribu na huko. Chukua barua ya sheha.

mpemba_wa_micheweni:
Ahsanteni sana. Kesho kwa sheha inshaallah, viatu nshanunua.